Mwanafunzi Hahitimu: Ufuasi katika Dini za Watu wa Kilimanjaro



Kila mwaka, Askofu akishaondoka parokiani baada ya kutoa Sakramenti ya Kipaimara, hutokea jambo ambalo makatekista wetu wamelizoea hata hawalishangai tena. Vijana waliojaza madarasa ya mafundisho kwa miezi mingi hupungua kanisani. Sherehe hufanyika, picha hupigwa, na cheti huwekwa katika bahasha moja na vyeti vya shule. Ukimwuliza kijana kwa nini haonekani tena katika jumuiya ndogondogo, hujibu bila ubaya wowote: "Padre, mimi nilishamaliza."

Tafakari ya juma hili inakusudia kulipima jibu hilo kwa njia ya historia. Je, mwanafunzi wa dini humaliza? Nimeona vema tusilitafute jibu katika Kanisa letu peke yake, bali pia kwa majirani tunaoishi nao kwenye mlima huu na kandokando yake: wazee wetu wa kale, ndugu zetu Waislamu, ndugu zetu Walutheri, na hata Masingasinga walioletwa na reli. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake *Nostra Aetate* la mwaka 1965, ulitufundisha kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Mara nyingi jirani hutukumbusha kile tulichokuwa nacho nyumbani tukakisahau.

Neno lenyewe

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mtoto wa darasa la tatu na kwa Petro mvuvi wa Galilaya. Wote wawili ni wanafunzi. Kigiriki cha Injili kilisema *mathetes*, na Kilatini kikasema *discipulus*, yaani mtu anayejifunza. Nyuma ya maneno hayo kuna desturi ya Wayahudi, ambako mwanafunzi wa rabi hakwenda kumsikiliza mwalimu saa mbili kisha akarudi kwake. Alitembea naye, alimtumikia, alitazama jinsi alivyokula, alivyosali na alivyowapokea maskini. Ndiyo maana wanafunzi wawili wa kwanza katika Injili ya Yohane hawakumwuliza Yesu anafundisha nini, bali anakaa wapi. Naye akawaalika waje waone, wakashinda naye siku ile.

Tangu shule zilipoenea nchini, maana ya darasani imeimeza ile nyingine. Mwanafunzi amekuwa mtu anayesubiri kumaliza. Neno "kuhitimu" lenyewe lina asili ya Kiarabu, nalo lilizoeleka zamani katika vyuo vya Kurani vya pwani: mtoto aliyeusoma msahafu mpaka mwisho alisemwa kuwa amehitimu. Lakini hata huko pwani, kama tutakavyoona, hapo hapakuwa mwisho wa safari.

Mregho na rika

Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Wamisionari wa Kianglikana wa CMS, aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Mlima haukuwa ukisubiri afike ndipo uwe na walimu. Wazee wa Kichagga walikuwa na shule yao. Vijana waliokwisha kutahiriwa walikusanywa na kufundwa na mzee aliyeyashika mafundisho ya kabila. Chombo chake kilikuwa mregho, fimbo iliyochongwa alama moja baada ya nyingine, na kila alama ilikuwa na fundisho lake. Mzee aliifuata fimbo alama kwa alama, akieleza na kuimba, na vijana wakajifunza juu ya mwili wa binadamu, ndoa na uzazi, heshima kwa wazazi, na wajibu kwa waliotangulia. Wasichana nao walifundwa na akina mama wazee.

Mengi katika hayo tunayajua kwa sababu yaliandikwa na watu wa misioni ya Kilutheri. Bruno Gutmann, mchungaji aliyeishi Kidia, Old Moshi, kwa miaka mingi, aliyakusanya mafundisho hayo kutoka vinywani mwa wazee, akayachapisha kwa Kijerumani katika juzuu tatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Otto Raum, mtoto wa mmisionari, naye aliandika juu ya malezi ya mtoto wa Kichagga katika kitabu kilichotoka mwaka 1940.

Sisemi kwamba kila kilichofanyika huko kilikuwa chema. Ukeketaji wa wasichana umekataliwa na Kanisa na sheria ya nchi, na kwa haki kabisa. Pamoja na hayo, tuangalie mambo mawili. Kwanza, kijana hakufundwa peke yake. Alifundwa pamoja na rika lake, na rika hilo likawa ndugu zake maisha yote: kazini, vitani na msibani. Pili, mafundisho hayakumpa ruhusa ya kuondoka, bali yalimpa wajibu. Kabla ya kufundwa alikuwa mtoto ambaye hakudaiwa mengi. Baada ya kufundwa ukoo ulimdai. Hakuna aliyewahi kumwambia mzee wake kwamba ameshamaliza kuwa mtu wa ukoo.

Bagamoyo: walioletwa kama bidhaa

Ili tuelewe jinsi Injili ilivyopanda mlima wetu, hatuna budi kushuka kwanza pwani, Bagamoyo. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kuanza kazi Zanzibar, walifungua misioni katika mji huo ambao misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliishia. Wakristo wao wa kwanza hawakuwa watu wakubwa wa mji. Walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wasiokuwa na baba, ukoo wala shamba. Misioni ikawa ukoo wao. Walisali, walilima, walijifunza ufundi, wakaoana na kujenga kijiji. Kwao ufuasi wa Kristo haukuwa somo lililoongezwa juu ya maisha mengine. Hawakuwa na maisha mengine.

Katika mji huohuo aliishi mtoto mwingine aliyeletwa kwa njia hiyohiyo. Alitoka Manyema, mashariki ya Kongo, akawa mtumwa katika nyumba ya Liwali Amir bin Sulaiman al-Lamki. Jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah, nasi tunamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Alijifunza Kurani na elimu ya dini, akafungua madrasa, na akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria iliyoifanya Bagamoyo kuwa mahali pa ziara kwa Waislamu wengi. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa mwanachuoni aliyeheshimiwa hata na watu wa koo ambazo zamani zingemwita mtumwa.

Tarika ni nini? Ni njia. Mtu aliyekwisha kuhitimu msahafu, akitamani kumkaribia Mungu zaidi, humwendea sheikh na kuahidi kumtii. Huyo huitwa muridi, neno la Kiarabu lenye maana ya mtu anayetaka, mwenye nia. Muridi hujifunza zikiri kwa kukaa na wanaozikiri, na adabu kwa kumtazama mwenye adabu. Sheikh akiridhika naye humpa ijaza, yaani idhini ya kuwafundisha wengine. Sheikh naye aliipata kwa sheikh wake, na huyo kwa mwingine, mpaka kwa Mtume wao Muhammad. Mfululizo huo huitwa silsila, maana yake mnyororo. Mtu aliyeng'olewa kwao na biashara ya utumwa, asiweze kutaja babu zake, alipata katika silsila orodha ya baba wa kiroho ambayo hakuna mnunuzi angeweza kumnyang'anya.

Naomba tulitazame jambo hili kwa heshima. Katika mji mmoja, nyakati zinazokaribiana, misioni na tarika zilipokea watu waliovunjwa na uovu uleule, na kila upande ukawaambia kwamba mtu huwa mtu tena kwa kuwa mwanafunzi wa mtu. Imani hazikuwa sawa, na sitaki kuzifanya sawa. Lakini hakuna upande uliofikiri kwamba dini ni kozi.

Kilema, Kibosho, Machame

Mwaka 1890 Askofu Jean-Marie de Courmont alipanda kuja Kilimanjaro pamoja na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger. Mangi Fumba wa Kilema aliwapokea, na mwaka 1891 misioni ya Kilema ikaanzishwa. Kibosho ikafuata mwaka 1893. Mwaka huohuo wa 1893 Walutheri wa Misioni ya Leipzig walianza Machame, kisha wakaendelea Mamba na Old Moshi. Hivyo mlima ukagawanyika. Mpaka leo mtu anaweza kukisia dhehebu la mwenzake akisikia tu anatoka Kibosho au Machame.

Tunapoikumbuka historia hii tunapenda kutaja majina ya mapadre, na tunapenda kutaja kahawa waliyoipanda Kilema. Ni haki. Lakini mapadre walikuwa wachache, hawakujua Kichagga, na vijiji vilitenganishwa na makorongo marefu. Nani aliyewafundisha bibi zetu Ishara ya Msalaba? Kwa sehemu kubwa ni walimu wa dini, yaani makatekista: kwanza Wakristo waliolelewa katika misioni za pwani, kisha vijana wa hapahapa mlimani waliobatizwa jana na kutumwa leo. Wengi wao majina yao hayamo katika vitabu. Walikaa vigangoni, wakalima migomba kama wenzao, wakazika wafu, wakapatanisha wagomvi, na jioni wakafundisha sala. Watu walijifunza Ukristo kwa kuutazama ukiishi nyumba ya pili.

Kwa upande wa Walutheri, Gutmann aliona jambo ambalo nasi tungefaidika nalo. Aliogopa kwamba shule ya kizungu ingemfanya kila kijana kuwa mtu wa peke yake. Kwa hiyo, katika mafundisho ya kipaimara, aliwaunganisha vijana katika vikundi vidogo vya kusaidiana na kuwajibika wao kwa wao, kwa mfano wa udugu wa rika waliofundwa pamoja. Wapo waliomlaumu kwamba aliipenda mno desturi ya kale wakati vijana walitaka shule, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo swali lake bado lipo: kijana akishawekewa mikono, nani ni ndugu yake katika imani?

Mwalimu anapoondoka

Ufuasi hupimwa mwalimu anapoondoka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani walifukuzwa nchini mwaka 1920. Walutheri wa Kilimanjaro wakabaki karibu bila wachungaji mpaka katikati ya muongo huo, ingawa Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia kwa muda. Usharika haukufa. Walimu Wachagga waliendelea kuwakusanya watu, kusali, na kufundisha. Kama wangekuwa wamehitimu tu, wangefunga madaftari na kwenda zao.

Mtihani kama huo ulikwisha kuwapata Wakatoliki wa Buganda. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walifika huko mwaka 1879, wakaondoka mwaka 1882, wasirudi mpaka mwaka 1885. Wale walioitwa wasomaji walibaki na kichwa cha imani tu, lakini walikuwa na watu wa kuwaongoza: Yosefu Mukasa Balikuddembe ikuluni, na Matia Mulumba kijijini. Matia alikuwa amekwisha kupita katika Uislamu, kisha kwa Waanglikana, kabla ya kuwa Mkatoliki. Alikuwa mtu wa kutafuta. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Na mateso yalipokuja, Karoli Lwanga aliwabatiza baadhi ya vijana waliokuwa bado wanafundishwa, muda mfupi kabla ya kuuawa pamoja nao Namugongo mwaka 1886. Kizito hakuwahi kuwa na cheti.

Tusisahau kwamba miongoni mwa waliouawa katika miaka ile walikuwamo Waanglikana pia. Papa Paulo wa Sita aliwakumbuka alipowatangaza mashahidi wetu 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Tena, miaka kumi hivi kabla ya hapo, chini ya Kabaka Mutesa, vijana Waislamu waliuawa kwa sababu walishika sheria ya dini yao wakakataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Kila mmoja alikuwa amejifunza kwa mwalimu wake kwamba yapo mambo ambayo hata mfalme hawezi kuyaamuru.

Jirani wa reli

Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, na mji ukakua chini ya mlima, ukiwa na maduka na karakana za watu wenye asili ya Bara Hindi. Miongoni mwa jamii zilizokuja Afrika Mashariki wakati wa ujenzi wa reli ni Masingasinga, ambao wenyewe hujiita Sikh. Wengi wetu tumewafahamu kwa vilemba na ufundi wao, tusijue kwamba jina hilo maana yake ni mwanafunzi. Jamii nzima, kuanzia mtoto mchanga mpaka kikongwe, inajiita wanafunzi. Walianza kwa kumfuata Guru Nanak katika Punjabi karne ya 15 na ya 16. Baada ya guru wa kumi kufariki mwaka 1708, kitabu chao kitakatifu ndicho kilichobaki kuwa guru.

Anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Makindu, ambako Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka 1926. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula hapo bila malipo, naye huketi pamoja na wengine bila kuulizwa cheo. Kwao hilo ni sehemu ya ibada: anayejiita mwanafunzi huonekana kwa kuosha vyombo vya mgeni.

Tofauti tusiyoificha

Ndugu zangu, tukishayaona haya yote, tusiseme kwamba dini zote ni mamoja. Huo si upendo, ni uvivu wa kufikiri, na majirani zetu wenyewe hawangekubali. Ipo tofauti, na inatuhusu sana.

Katika desturi ya wazee wetu, kijana aliyefundwa huzeeka, na siku moja huushika mregho yeye mwenyewe. Katika tarika, muridi aliyepata ijaza huwa sheikh. Kwetu sisi haiwi hivyo. Yesu aliwaonya wafuasi wake wasitake kuitwa walimu, kwa maana Mwalimu wao ni mmoja nao wote ni ndugu. Padre anayekuhubiria ni mwanafunzi. Askofu ni mwanafunzi. Baba Mtakatifu, pamoja na mamlaka yake yote, ni mwanafunzi anayemfuata Petro, aliyemfuata Bwana. Hakuna anayefika mahali ambapo Yesu hana tena la kumwambia.

Tena, marabi walichaguliwa na wanafunzi wao. Yesu aliwachagua wake, wengine wakiwa kazini, wakitengeneza nyavu au wakikusanya ushuru. Hatukuingia ufuasini kwa kufaulu, basi hatuwezi kutoka kwa kufaulu. Na juu ya yote, Mwalimu wetu hakuondoka akatuachia kumbukumbu tu. Tunakiri kwamba yu hai, na kwamba katika Ekaristi anatulisha Mwili wake. Kijana anayesema amemaliza mafundisho, na kwa hiyo amemaliza kuja mezani, anafanana na mtu aliyekaribishwa chakula, akajifunza majina ya vyakula vyote, kisha akaondoka bila kula.

Basi, ikiwa jirani zetu ambao hawakiri hayo wanajua kwamba mwanafunzi hahitimu, sisi tunaoyakiri tuna udhuru gani?

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu, nayo yote yamo katika historia niliyoisimulia.

Kwanza, msimamizi wa Ubatizo na wa Kipaimara awe mtu wa karibu kweli. Tumezoea kumtafuta mjomba aliyeko Dar es Salaam kwa sababu ana uwezo wa kuleta zawadi. Tumtafute mtu ambaye kijana anaweza kumwendea jioni kwa miguu, akaona anavyosali na anavyoishi na mkewe.

Pili, darasa la Kipaimara lisivunjwe siku ile Askofu anapoondoka. Liwe rika. Vijana waliopakwa krisma pamoja waendelee kukutana, wajuane nani anafiwa, nani hana ada, nani ameacha Misa, na wamfuate. Jumuiya zetu ndogondogo ndizo mahali pake.

Tatu, kila aliyefundishwa apewe wa kumfundisha au wa kumtumikia: mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, mgonjwa wa kigango, bibi asiyeweza kusoma anayetaka kusomewa Injili. Makatekista wa kwanza wa mlima huu hawakusubiri kujua kila kitu ndipo watumwe.

Mwishoni mwa mwaka wana wa Kilimanjaro hupanda kurudi nyumbani. Katika kihamba kimoja hukaa pamoja Mkatoliki, Mlutheri na shangazi aliyeolewa na Mwislamu. Watoto huwasikiliza. Watajifunza kutoka kwetu, tupende tusipende, kama dini ni cheti kilichomo katika bahasha au ni Mtu tunayeendelea kumfuata. Tuwaombee vijana wetu waliokwisha kumaliza, ili waanze. Na tuanze pamoja nao.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Nawatakieni Dominika njema.